Kisanduku cha Majaribio ya Chuma na Bakteria wa Bahari: Tathmini ya Mtumiaji wa Dodoma

Kisanduku hiki kinauzwa na duka dogo la vifaa vya maabara katikati ya mji wa Dodoma kwa shilingi laki mbili na nusu, na kimekusudiwa kufundishia jambo ambalo katika vyuo vyetu vingi huishia ubaoni: jinsi uhaba wa chuma unavyowasha na kuzima jeni za bakteria wanaoishi baharini. Nimekitumia na wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaosoma mikrobiolojia, katika chuo kilicho mamia ya kilomita kutoka pwani na kisicho na mtambo wa kupimia RNA, yaani nakala ambazo seli huzitoa kutoka kwenye jeni. Kinastahili bei yake kwa mwalimu aliye tayari kupambana na vumbi na maji ya hapa kwetu; kwa mwalimu anayetaka kufungua, kuchanganya na kupata jibu siku hiyohiyo, ni fedha iliyopotea.

Ndani ya boksi mna pakiti za unga wa chumvi ya bahari, kila moja ikiwa na takriban gramu 35 za kuyeyusha katika lita moja, kiasi kinachokaribia chumvi iliyomo baharini kwenyewe. Mna pia vichupa vya kuchanganyia rangi ya CAS (kifupi cha chrome azurol S, rangi inayoshikana na chuma), unga wa agari, sahani za plastiki, kloridi ya feri, kemikali ya bipiridili ambayo kazi yake ni kunasa chuma, kichupa cha bakteria wa Vibrio fischeri waliokaushwa kwa kugandishwa, na kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa Kiswahili. Bakteria huyu amechaguliwa kwa busara, kwa sababu si wa kuambukiza watu, hutoa mwanga wake mwenyewe gizani, na kwa miaka mingi amekuwa akiuzwa akiwa mkavu kwa ajili ya kupima sumu katika maji, kwa hiyo kumfufua hakuhitaji ustadi wa pekee. Wataalamu siku hizi wamemhamishia katika jenasi ya Aliivibrio, ingawa lebo ya kichupa bado ina jina la zamani.

Ili kukitendea haki kisanduku, ni lazima kwanza ieleweke kinajaribu kuonyesha nini. Chuma ni miongoni mwa elementi zilizo tele katika gamba la dunia, lakini katika maji ya bahari, yenye pH inayokaribia 8 na oksijeni ya kutosha, chuma hugeuka kuwa feri, yaani chuma kilichooksidishwa, isiyoyeyuka na kuzama. Katika tabaka la juu la bahari kuu kiasi kinachobaki kimeyeyuka mara nyingi hakifiki nanomola moja, yaani chini ya nanogramu 56 katika lita nzima ya maji, na karibu chote kimeshikwa na molekuli za kikaboni. Uhaba huo ndio uliomfanya John Martin, mwanasayansi wa Marekani, adai kwamba maeneo makubwa ya bahari yenye naitreti na fosfeti za kutosha hubaki na mimea michache kwa kukosa chuma tu. Mwaka 1993, miezi michache baada ya kifo chake, wenzake walimwaga karibu kilo 450 za chuma katika eneo la kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos, na vijimea vya eneo hilo viliongezeka waziwazi.

Bakteria naye anahitaji chuma kwa ajili ya upumuaji wa seli, kwa vimeng'enya vya kujenga DNA, na kwa mengine mengi. Hata hivyo chuma kikizidi ndani ya seli humenyuka na peroksidi ya hidrojeni na kuzalisha chembe kali zinazoharibu DNA na protini. Kwa sababu hiyo hawezi kuziacha jeni za kutafuta chuma zikifanya kazi muda wote, wala hawezi kuzizima moja kwa moja. Katika Vibrio na jamaa zake wengi, uamuzi huo umewekwa mikononi mwa protini inayoitwa Fur, ambayo Klaus Hantke alifungua njia ya kuielewa mwaka 1981 alipochunguza bakteria wa utumbo, Escherichia coli, waliopoteza udhibiti huo. Chuma kinapokuwepo cha kutosha, ayoni ya feras (chuma ambacho hakijaoksidishwa kuwa feri) hujishika kwenye Fur, protini mbili za Fur zikiwa pamoja hukaa juu ya kipande cha DNA chenye herufi 19 karibu na mwanzo wa jeni, na kimeng'enya cha kunakili DNA kuwa RNA hukosa nafasi ya kuanza kazi. Chuma kinapopungua ndani ya seli, ayoni hiyo huachia, Fur hutoka kwenye DNA, na jeni zilizokuwa zimefungwa huanza kunakiliwa.

Nyingi kati ya jeni hizo ni za kutengenezea siderofori na vipokezi vyake. Siderofori ni molekuli ndogo ambayo bakteria huitoa nje, ikanase feri kwa nguvu kubwa, kisha irudi nayo na kuingizwa kupitia kipokezi maalumu kwenye utando wa nje. V. fischeri wa kisanduku hiki hutengeneza siderofori ya aina ya aerobaktini, na hapo ndipo jaribio la kwanza linapoanzia.

Jaribio hilo linatumia rangi ya CAS, mbinu iliyotangazwa na Schwyn na Neilands mwaka 1987, na ndilo sehemu bora ya kisanduku. Rangi ikiwa imeshikana na chuma, agari nzima huwa buluu iliyoiva. Bakteria akitoa siderofori, chuma huhamia kwenye siderofori, rangi hubaki peke yake, na kuzunguka koloni hutokea duara la rangi ya chungwa linalopanuka kadiri saa zinavyopita. Katika sahani zetu duara lilianza kama ukingo mwembamba usiozidi unene wa kucha, na asubuhi iliyofuata lilikuwa limekula nusu ya nafasi kati ya koloni na koloni. Sahani iliyoongezwa kloridi ya feri kama kijitabu kinavyoelekeza ilibaki buluu, huku koloni zake zikiwa nene kuliko za sahani nyingine. Wanafunzi waliposhika sahani mbili hizo kwa pamoja hawakuhitaji kuelezwa tena kwamba bakteria aliyeshiba chuma hajishughulishi kukitafuta. Kwa miaka mingi nimechora jambo hilo kwa chaki, na sikumbuki kuwa mchoro wangu uliwahi kuwanyamazisha kwa namna ile.

Kuna tahadhari ambazo kijitabu hakizitaji na mnunuzi anapaswa kuzijua. Fosfeti nayo hushika chuma, kwa hiyo mwalimu akitumia lishe yenye fosfeti nyingi aliyokuwa nayo kabatini, agari inaweza kupoteza buluu yake kabla hata bakteria hajawekwa. Asidi za kikaboni kama sitreti huweza kuleta duara la chungwa bila siderofori yoyote, na mabadiliko ya pH hubadili rangi vilevile. Aidha, kemikali ya HDTMA inayoifanya rangi iwe imara ni sumu kwa bakteria wengi wa kundi la Gramu chanya, na mwanafunzi atakayepaka bakteria wa ngozi yake akitaka kulinganisha ataona sahani tupu na kudhani kwamba bakteria hao hawana siderofori, kumbe wamekufa tu.

Jaribio la pili ni la mwanga, na kwa macho ndilo la kuvutia zaidi. Bakteria huoteshwa katika mirija miwili ya maji ya bahari yenye lishe; mmoja huongezwa chuma, mwingine huongezwa bipiridili. Imejulikana tangu miaka ya 1980, kutokana na kazi ya Haygood na Nealson, kwamba V. fischeri anaponyimwa chuma huanza kutoa mwanga mapema, seli zikiwa bado chache, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu: mrija wenye bipiridili ulikuwa na ukungu mdogo wa bakteria lakini ulikuwa na mwanga wa buluu-kijani ulioonekana vizuri, ilhali mrija uliojaa bakteria kwa ukarimu wa chuma ulikuwa hafifu. Chumba kiwe giza kabisa na macho yapewe dakika kumi hivi za kuzoea. Umeme ukikatika saa hiyo, kwa mara moja hakuna wa kulalamika. Mirija itikiswe kabla ya kutazamwa, kwa sababu mwanga huo hutumia oksijeni, na mrija uliotulia muda mrefu hufifia kwa kukosa hewa wala si kwa sababu ya chuma.

Ni katika maelezo ya jaribio hili ndipo ninapotofautiana na waandishi wa kijitabu. Wao wanauchukua mwanga kama kipimo cha moja kwa moja cha Fur, kana kwamba Fur imekaa juu ya jeni za mwanga na kuachia chuma kinapopungua. Jeni za mwanga za bakteria huyu hutawaliwa kwanza na wingi wa seli, kwa njia ya kemikali ndogo ambayo seli huitoa na ambayo ikijaa katika maji huamsha protini ya LuxR, nayo LuxR ikaziwasha jeni za lux. Chuma kinaingilia mfumo huo, lakini kusema kwamba mwanga ni Fur na Fur ni mwanga ni kumrukisha mwanafunzi hatua ambazo angepaswa kuzipitia. Afadhali wangeandika tu kwamba uhaba wa chuma hubadilisha jeni nyingi kwa pamoja, na kwamba mwanga ni mojawapo ya mabadiliko yanayoonekana kwa macho.

Upungufu mwingine wa kijitabu ni kuieleza Fur kama swichi yenye pande mbili na kuishia hapo. Mwaka 2002 Massé na Gottesman walieleza RNA ndogo inayoitwa RyhB katika E. coli, ambayo Fur huizuia chuma kikiwa tele. Chuma kikipungua, RyhB huzalishwa na kuongoza uharibifu wa RNA za protini zinazotumia chuma kwa wingi, na hivyo chuma kidogo kilichopo huachiwa kazi za lazima. RNA ya aina hiyo imepatikana pia katika Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ikiwa ndefu kuliko ile ya E. coli. Kwa hiyo bakteria mwenye njaa ya chuma hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, anatafuta zaidi na anabana matumizi, na upande huu wa pili haumo kabisa katika kijitabu ingawa ungeweza kuelezwa katika aya moja. Ukurasa mzima umetumika badala yake kwa historia ya darubini.

Hali kadhalika msomaji wa kijitabu anaweza kudhani kwamba bakteria wote wa bahari huendeshwa na Fur. Katika kundi la alfaproteobakteria, ambalo lina wakazi wengi sana wa bahari, kazi hiyo mara nyingi imegawiwa protini nyingine kama RirA na Irr. Saianobakteria wa bahari kuu, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nao wana njia yao ya kubana matumizi: chuma kikikosekana huwasha jeni ya flavodoksini, protini isiyo na chuma, ichukue nafasi ya feredoksini yenye chuma. Na si kila bakteria anayetumia siderofori huitengeneza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu jamii za Vibrio za pwani ulionyesha kwamba wapo wasio na jeni za kuitengeneza lakini wanacho kipokezi cha kuichukua. Ni sawa na jirani anayempokea mtoto wako njiani na kubeba unga uliomtuma dukani kwa pesa yako. Wanafunzi wangu waliuliza wenyewe kama bakteria mmoja anaweza kutumia siderofori ya mwenzake walipoona duara la chungwa likivuka na kuifikia koloni ya jirani, na kijitabu hakikuwa na neno la kuwajibu.

Mfano ambao ningetaka sana kuuona humo ni wa Vibrio anguillarum, anayeua samaki wa kufugwa. Jorge Crosa alionyesha mwaka 1980 kwamba ukali wa bakteria huyo unaambatana na plasmidi (DNA ndogo ya ziada iliyo nje ya kromosomu) iitwayo pJM1, yenye herufi za DNA zipatazo elfu 65, ambayo hubeba mfumo wa siderofori ya angwibaktini. Bakteria akiipoteza plasmidi, hupoteza uwezo wa kuunyang'anya mwili wa samaki chuma chake na ugonjwa hupungua nguvu. Kwa nchi inayohimiza ufugaji wa samaki, mfano huo ungemfanya hata afisa uvuvi apate sababu ya kusoma kijitabu mpaka mwisho.

Sasa nirudi kwenye vumbi. Kisanduku kimeandaliwa kana kwamba mtumiaji anakaa katika maabara iliyofungwa madirisha, wakati sisi tunafundisha Dodoma, ambako kuanzia katikati ya Julai upepo hupeperusha udongo mwekundu kutwa nzima, na wekundu huo ni oksidi za chuma. Tukadirie kwamba vumbi lina chuma asilimia 3 ya uzito wake. Miligramu moja, kiasi ambacho jicho halikioni kikiwa kimetawanyika mezani, itakuwa na mikrogramu 30 za chuma, na ikidondoka katika mililita 100 za lishe na kuyeyuka yote italeta zaidi ya mikromola 5 kwa lita, ambayo ni zaidi ya mara elfu tano ya kilichomo katika maji ya juu ya bahari kuu. Kwa bahati nzuri si chote kinachoyeyuka, lakini hata sehemu ndogo yake inatosha kuzima jeni ambazo mwalimu anataka ziwake. Darasa lililopanga sahani zake karibu na dirisha lilipata duara dogo kuliko darasa lililofanyia kazi stoo isiyo na dirisha, na sina maelezo mengine ya kuridhisha.

Maji nayo ni hivyohivyo. Maji ya bomba ya mji wetu, yanayotoka visima vya Makutupora, ni magumu kiasi cha kuacha utando mweupe kwenye birika, na yakipita katika mabomba yaliyopata kutu huongeza chuma kisichotakiwa. Kijitabu kinasema “tumia maji safi”, maneno ambayo kwa mtu wa kawaida yana maana ya maji ya kunywa. Kilipaswa kusema wazi kwamba yanatakiwa maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ayoni, kwamba vyombo vya plastiki ni bora kuliko vya kioo, na kwamba kila chombo kilowekwe katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa na kusuuzwa mara kadhaa kabla ya kutumika. Hata unga wa chumvi wenyewe huwa na chembe za chuma, na ndiyo maana bipiridili imewekwa kwenye boksi. Maabara zenye uwezo huyapitisha maji ya bahari katika chembe za kuchuja metali, lakini kwa mafunzo ya shahada ya kwanza sioni haja ya gharama hiyo.

Kuhusu bipiridili, mtumiaji asiache kuweka mrija wa tatu, wenye bipiridili pamoja na chuma cha ziada. Kemikali hiyo hushika pia zinki na shaba, na ikizidi huwa sumu. Mrija wa tatu ukirudi katika hali ya ule wenye chuma, hapo tu ndipo mwanafunzi ana haki ya kuandika kwamba alichokiona kimesababishwa na chuma. Kijitabu kinautaja mrija huo kama jambo la hiari, nami naona ndio uzito wa jaribio lote.

Juu ya boksi kumeandikwa kwamba mtumiaji “ataona jeni ikifanya kazi”. Hayo ni maneno ya biashara. Duara la chungwa linaonyesha bidhaa ya mwisho ya jeni kadhaa, baada ya RNA kunakiliwa, protini kujengwa, siderofori kutengenezwa na kutolewa nje, na sahani haisemi ni katika hatua ipi chuma kimeweka mkono wake. Anayetaka kuipima jeni yenyewe atahitaji kutoa RNA, kuigeuza kuwa DNA na kuipima kwa mashine ya PCR ya kufuatilia wingi, au atumie bakteria ambaye mwanzo wa jeni yake ya chuma umeunganishwa na jeni ya kutoa rangi. Kwa bei ya kisanduku hiki hakuna anayetegemea hayo, ila muuzaji asiyaahidi.

Huduma ya duka ni ya kuridhisha kwa sehemu. Muuzaji anaifahamu bidhaa yake, anajibu simu, na nilipomwambia kwamba kichupa kimoja cha bakteria hakikuota alisema tu, “Samahani sana mwalimu, tuma mtu aje achukue kingine,” na kikatolewa bila malipo wala maswali. Kichupa hicho hata hivyo kilikuwa kimekaa kwenye rafu iliyo karibu na mlango badala ya friza, na kilichofuata nilikikuta palepale. Rangi ya CAS huuzwa pia peke yake, jambo linalopunguza gharama ya mwaka wa pili sana, kwa kuwa chumvi na bipiridili za boksi moja hutosha madarasa kadhaa.

Kwa mwenye nia ya kununua, wakati mzuri wa kuendesha majaribio haya hapa ni Juni na mwanzoni mwa Julai. V. fischeri huota na kung'aa vizuri kati ya nyuzi 20 na 28, na katika miezi hiyo chumba cha kawaida cha Dodoma hukaa humo bila kiyoyozi, upepo mkubwa ukiwa bado haujaanza. Novemba joto la chumba hupita nyuzi 30 na mwanga hufifia hata katika mrija ulionyimwa chuma, kwa hiyo asiye na kiyoyozi afanye sahani za CAS pekee na mirija ya mwanga aiahirishe hadi msimu wa baridi.